Mama Anayechora: Rangi za Mafuta na Usalama wa Nyumba

 

Leo tutazungumza juu ya kuchora picha kwa rangi za mafuta. Tafadhali usifunge redio. Mlezi anayeshinda na mtoto mgonjwa, au na mzazi mzee asiyeweza kujigeuza kitandani, hupata pengine saa moja tu ya kwake kwa siku. Ukiitumia kufua nguo, hakuna wa kukulaumu. Lakini akili nayo huchoka kama mgongo, na kujifunza kazi mpya ya mikono ni njia mojawapo ya kuipumzisha.

Mfano wetu unatoka mbali, kwenye majangwa ya kusini-magharibi ya Marekani. Huko aliishi mchoraji mmoja mwanamke, Georgia O'Keeffe, aliyezaliwa mwaka wa 1887. Mwaka wa 1933 alilazwa hospitalini mjini New York kwa sababu ya msongo mkubwa wa mawazo, akakaa muda mrefu bila kushika brashi. Mwaka wa 1934 alirudi jimbo la New Mexico na kufika mahali panapoitwa Ghost Ranch, penye vilima vyekundu na vya manjano. Huko alichora tena na tena mlima ule ule, Pedernal. Jua lilipokuwa kali alichora akiwa ndani ya gari lake. Sisemi kwamba brashi ndiyo iliyomponya. Mtu mwenye huzuni isiyoisha aende kwa daktari. Ninasema tu kwamba kazi ilimpa sababu ya kutoka nje asubuhi.

Sasa, jangwa linafaa sana kwa anayeanza. Halina majani mengi ya kukuchosha. Chukua kibao kidogo, urefu wake kama kiganja na vidole vyako. Wachoraji wa jangwani hupenda vibao vidogo kwa sababu vivuli huhama upesi, na picha ndogo yaweza kumalizika kabla mwanga haujabadilika. Kwako wewe, yaweza kumalizika kabla mtoto hajaamka.

Fumba macho nusu uangalie picha unayoiiga. Utaona maumbo makubwa matatu au manne tu: anga, mlima, ardhi, kivuli. Yapake hayo kwanza. Milima ya mbali ifanye hafifu na ya kibuluu, kwa maana hewa iliyo katikati huifunika rangi yake. Mawe ya huko ni mekundu kwa sababu ya kutu ya chuma iliyomo, kama udongo wetu wa Tsavo. Vivuli usivipake vyeusi, jaribu zambarau. Na tabaka za kwanza ziwe nyembamba, zenye mafuta kidogo. Zile nene zenye mafuta mengi zije juu, la sivyo picha itapasuka ikikauka.

Hapo sasa ndipo afya inapoingia, mama, na hapa nakuomba usogee karibu na redio.

Baadhi ya rangi za mafuta zina sumu. Ile nyeupe ya zamani hutengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto, hata aliye tumboni. Soma maandishi ya tyubu, uchague nyeupe ya titaniamu. Baadhi ya nyekundu na manjano kali zina kadimiamu. Kwa jangwa huzihitaji, rangi za udongo zatosha kabisa. Usilainishe ncha ya brashi kwa mdomo. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kunyonyesha au kupika.

Tambara lililofuta mafuta ya kitani usilikunje na kulitupa pembeni. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na rundo la matambara laweza kushika moto lenyewe bila kiberiti. Yatumbukize katika mkebe wa bati wenye maji na mfuniko.

Lakini hatari kubwa kuliko zote ni tapentaini. Dukani unaweza kupimiwa kidogo katika chupa ya soda, nawe ukaiweka chini ya meza. Mtoto wa miaka miwili anajua chupa ya soda ni ya nini. Tapentaini, kama mafuta ya taa, ni nyepesi mno. Ikipotea njia huteremka kwenye mapafu na kuleta nimonia mbaya. Kwa maoni yangu, nyumba yenye mtoto mdogo haina haja nayo. Futa brashi kwa tambara, isugue kwa mafuta ya kupikia, kisha ioshe kwa sabuni. Kazi ni ile ile, na chumba hakinuki.

Ikiwa mtoto amekwisha kuinywa, usimtapishe. Najua majirani watakuja na maziwa, mayai mabichi au maji ya chumvi, na watakusukuma kwa nia njema. Kataa. Anapotapika ndipo inapoingia mapafuni kwa urahisi zaidi. Usimpe chochote mdomoni. Mvue nguo zilizolowa, muoshe ngozi kwa sabuni na maji, umpeleke hospitali mara moja pamoja na ile chupa ili daktari aione. Hata kama anacheza, mpeleke. Ukiruhusiwa kurudi naye nyumbani, lala naye karibu. Akianza kukohoa, kupumua haraka, au kusinzia kusiko kwa kawaida, mrudishe hospitali usiku huo huo, usingoje kupambazuke.