Nchi Jirani: Maji Hayana Mpaka, Kipimo na Kiwe Kimoja



Mnamo mwezi Machi 2022, wananchi waishio kando ya Mto Mara, upande wa Tanzania, waliona maji ya mto wao yamegeuka kuwa meusi, na samaki waliokufa wakielea juu yake. Mto huo huanzia katika nyanda za juu za Mau nchini Kenya, hupita katika mbuga za Maasai Mara na Serengeti, kisha humimina maji yake katika Ziwa Victoria. Haukupita muda, kila mtu akawa na mshitakiwa wake. Kamati iliyoundwa na serikali ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Wapo waliolikubali jibu hilo, na wapo waliolitilia shaka.

Katika mazungumzo ya leo hatukusudii kuifufua kesi hiyo. Tunakusudia kuuliza swali moja: maji yanapoharibika katika mto au ziwa la majirani, ni nani wa kuaminiwa aseme kilichomo ndani yake?

Swali hilo si dogo. Ziwa Victoria lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800. Karibu nusu yake iko Tanzania, sehemu ipungukayo nusu kidogo iko Uganda, na asilimia 6 hivi iko Kenya. Mto Kagera, ulio mkubwa kuliko yote iingiayo ziwani, hukusanya maji ya Burundi na Rwanda kabla ya kufika huko. Mbolea inayosombwa na mvua kutoka shambani, maji machafu ya miji, hata vumbi na moshi unaorudi ardhini pamoja na mvua, vyote hukutana katika chungu hicho kimoja. Na chungu hicho hakina kizuizi cha barabarani wala ofisi ya uhamiaji.

Matokeo yake tuliyaona. Mwishoni mwa miaka ya 1980, gugu maji, mmea wenye asili ya Amerika ya Kusini, liliingia ziwani. Katika miaka ya 1990 lilifunga mialo na bandari, vyombo vikakwama, na wavuvi wakakaa nchi kavu. Chakula cha gugu hilo ni naitrojeni na fosforasi. Basi anayetaka kujua kama adui huyo atarudi kwa nguvu hana budi kujua ni kiasi gani cha chakula chake kimo majini, mto kwa mto na mwezi kwa mwezi. Hapo ndipo kazi inapokuwa kubwa, kwa sababu chupa moja haisemi lolote la maana. Zinatakiwa mamia ya chupa.

Zamani mkemia alipima chupa moja baada ya nyingine kwa mkono. Alitia dawa, akangoja rangi itokee, akaisoma, akaosha vyombo, akaanza upya. Mkono huchoka, na jicho la saa nane mchana si lile la saa mbili asubuhi. Aliyelitafutia jambo hilo ufumbuzi ni Leonard Skeggs, mkemia katika hospitali ya askari wa zamani mjini Cleveland, Marekani. Mwaka 1957 alitangaza mtambo aliouunda kwa ajili ya kupima damu za wagonjwa. Badala ya kuipeleka dawa kwenye kila chupa, aliipeleka kila sampuli safarini ndani ya mrija mwembamba. Pampu yenye magurudumu madogo huukanda mrija na kuyasukuma maji. Dawa huingia njiani kwa kipimo kile kile. Na viputo vya hewa huyagawa maji yanayotiririka katika vipande vidogo vidogo, ili sampuli iliyo mbele isichanganyike na ifuatayo. Ni mfano wa gwaride: kila mmoja huenda kwa hatua moja na nafasi moja, wala hakuna anayemkanyaga mwenzake.

Mwaka 1975 Jaromir Ruzicka na Elo Hansen, wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark, walionyesha njia nyingine isiyohitaji viputo. Tone la sampuli huingizwa katika mkondo unaokwenda bila kusimama, nalo husomwa kwa wakati ule ule uliopangwa. Mitambo ya namna hiyo huweza kupima sampuli 60 na zaidi kwa saa moja.

Na husomwaje? Kwa rangi. Fosfeti ikikutana na molibdeti katika asidi, pamoja na vitamini C, hutoa rangi ya buluu. Naitreti hupitishwa kwanza katika kimrija chenye chembe za kadimiamu, ambazo huigeuza kuwa naitraiti, kisha dawa huipa rangi ya waridi. Taa humulika, kijicho cha umeme hupima mwanga uliobaki, na namba huandikwa. Rangi ikikolea, kilichomo ni kingi. Ikififia, ni kidogo.

Mmea nao hutoa ushahidi. Jani au mzizi wa gugu hukaushwa, husagwa, kisha huchemshwa katika asidi kali ya salfa, njia ambayo asili yake ni kazi ya Johan Kjeldahl wa Copenhagen mwaka 1883. Naitrojeni iliyokuwa ndani ya mmea hugeuka amonia, na majimaji hayo, yakisha kuzimuliwa, huingia katika mtambo ule ule. Maji hueleza kilichopo siku ile yalipotekwa. Jani hueleza kile mmea ulichokula kwa siku nyingi.

Ndugu wasikilizaji, mashine hiyo haina kabila, haina chama wala pasipoti. Lakini tusiisifu kupita kiasi. Zebaki, mafuta na vijidudu vya kipindupindu vina vipimo vyake vingine. Tena, mashine hujibu juu ya chupa iliyopewa, na haijui chupa hiyo imetoka wapi. Chupa iliyooshwa kwa sabuni yenye fosfeti hudanganya. Sampuli iliyoachwa juani hudanganya pia, kwa kuwa viumbe wadogo waliomo huendelea kula na kubadili kilichomo. Ndiyo maana huchujwa mapema na kuwekwa penye baridi. Na chupa isiyoandikwa mahali, tarehe na saa haifai kitu, hata kama mashine ingekuwa ya dhahabu.

Jambo hili askari anatambua upesi kuliko watu wengi. Polisi hufahamu kwamba kielelezo kisicho na lakiri, ambacho haijulikani kimepita mikononi mwa nani, hukataliwa mahakamani hata kama mtuhumiwa ana hatia kweli. Na pengine ni askari wa doria mtoni, au mlinzi wa kambi iliyo kando ya ziwa, atakayekuwa wa kwanza kuona samaki wamekufa. Wajibu wake si kutaja mkosaji. Wajibu wake ni kuandika saa na mahali, kuwazuia watu na mifugo wasinywe maji hayo, kutoa taarifa kwa wahusika, na kuhakikisha kwamba chupa iliyochukuliwa na mtaalamu inafika salama na kwa haraka.

Kwa upande wa majirani, njia imekwisha kufunguliwa. Mwaka 2003 nchi za Afrika Mashariki zilitia saini Itifaki ya Maendeleo Endelevu ya Bonde la Ziwa Victoria, na Kamisheni ya bonde hilo ina makao yake Kisumu. Lakini saini haitoshi. Maabara mbili zikitumia dawa tofauti na vipimo tofauti, zitatoa namba mbili kwa maji yale yale, na kila nchi itashika iliyo yake. Wataalamu wanayo dawa ya ugonjwa huo: sampuli moja hugawanywa, kila maabara hupima bila kuliona jibu la mwenzake, kisha majibu huwekwa mezani pamoja. Yakilingana, imani huzaliwa. Yakitofautiana, kosa hutafutwa wakati wa amani, kabla samaki hawajaelea na kabla hasira hazijapanda.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Majirani walio na kipimo kimoja wanaweza kuhitilafiana kwa maneno, lakini namba itawarudisha mezani. Wasio nacho watabaki na uvumi, na sote twajua ni nani huitwa kuja kuutuliza uvumi ukisha kuwa ghasia.