Maswali Manane kwa Mtu Anayekoroma

Msikilizaji, kwetu kukoroma ni jambo la kuchekwa. Mtu akiunguruma usiku kucha, asubuhi anaambiwa alilala fofofo. Lakini mkoromo ukikatika ghafla, kimya kikapita sekunde 10 au zaidi, kisha mtu akashtuka akitweta, huyo hakulala. Koo lilijifunga, hewa ikakosa njia, na hali hiyo inaweza kujirudia mara nyingi kwa saa moja. Madaktari huiita apnea ya usingizi. Huambatana na presha, huuchosha moyo, na mchana humsinziza mtu hata akiwa kwenye usukani.

Usukani ndio ulionileta hapa leo. Wasikilizaji wa Liparamba, Mbinga na Mbamba Bay mnayafahamu malori ya makaa ya mawe ya Ngaka, na mnazijua kona za milima ya Umatengo. Dereva kusinzia sekunde mbili tu pale ni msiba.

Kuuthibitisha ugonjwa huu humtaka mgonjwa alale usiku mzima amebandikwa nyaya kichwani na kifuani. Zahanati ya kijijini haina mtambo huo. Ndipo hodoji inapokuwa na kazi. Mwaka 2008 daktari Frances Chung na wenzake wa Toronto, Kanada, walitoa ile iitwayo STOP-Bang, yenye maswali manane ya ndiyo au hapana. Unakoroma kwa sauti? Unachoka mchana? Kuna aliyekuona pumzi zikikatika? Una presha? Hufuata uzito, umri unaozidi miaka 50, unene wa shingo, na kama ni mwanamume. "Ndiyo" tatu zinatosha kumtilia mtu shaka. Tano na kuendelea, hatari ni kubwa.

Tatizo ni kwamba maswali hayo yalitungwa kwa wagonjwa wa Toronto waliokuwa wakisubiri upasuaji. Katika swali la uzito, mtu mwenye urefu wa sentimita 170 hahesabiwi mpaka avuke kilo 101. Lakini kwingineko watu si wanene hivyo: Wachina wengi wenye apnea, kwa mfano, hawafiki huko. Utafiti wa Hong Kong wa mwaka 2001 ulionyesha kwamba wanaume wa makamo wapatao 4 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa huu, kiwango kinachokaribia cha Wamarekani, ingawa Wachina ni wembamba zaidi. Umbo la taya na uso huchangia kuibana njia ya hewa. Kwa hiyo watafiti wa Asia wakajaribu kushusha kipimo cha uzito, wengine hadi kilo 87 kwa urefu uleule, wengine chini ya hapo.

Na sisi tuyapime maswali haya kabla ya kuyaamini. Ukimuuliza mzee wa Liparamba kama ana presha, atajibu hapana, kumbe hajawahi kufungwa mashine mkononi. Basi apimwe kwanza, ndipo aulizwe. Ukimuuliza mkulima wa kahawa kama huchoka mchana, nani asiyechoka na jembe? Muulize kama husinzia akiwa ameketi kanisani au kwenye mkutano wa kijiji. Na swali la aliyekuona umelala, kwa dereva wa lori, shahidi si mke aliyebaki nyumbani. Ni utingo, anayelala naye kwenye kabini.

Shingo ndiyo rahisi kuliko yote: tepu ya fundi cherehani inatosha, na ikizidi sentimita 40 hiyo ni alama moja.

Alama si ugonjwa, wala hodoji si daktari. Kazi yake ni kuchagua nani atangulie kupewa rufaa. Kwa hiyo nawaomba wenye malori wawaulize madereva maswali haya kabla ya kuwakabidhi funguo, na anayepata alama nyingi asiachishwe kazi, apelekwe hospitali. Dereva akijua kwamba kusema kweli kutamnyima mkate, atajibu "hapana" mara nane, naye atazidi kusinzia barabarani.