Mradi wa Mwaka Huu: Maji Taka Yawe Gesi na Mbolea



Mwaka huu kamati yenu ya miradi haiombi mabati wala madawati. Tunaomba mchango wa kujenga mtambo wa kusafisha maji taka katika shule yetu ya bweni huko nyumbani. Mashimo ya vyoo yamejaa. Mvua kubwa ikinyesha, uchafu hufurika na kuteremka bondeni, kwenye chemchemi wanakochota maji mama zetu. Kutoka bondeni huingia mtoni, na mto huishia Ziwa Victoria.

Mtambo wenyewe hauhitaji umeme. Ni tangi la matofali na saruji lenye umbo la kuba, linalozikwa ardhini na kuzibwa ili hewa isiingie. Kazi yote hufanywa na vijidudu wasioonekana kwa macho, wanaoishi mahali pasipo na oksijeni. Kundi moja huvunjavunja uchafu, jingine huugeuza kuwa asidi, na la mwisho hula kilichoachwa na wenzao na kutoa methani, gesi inayowaka jikoni.

Sisi Wahaya tusilione hili kuwa geni. Mtengeneza rubisi huchanganya mtama na juisi ya ndizi, hufunika kwa majani ya mgomba na kwenda kulala, na vijidudu hufanya kazi. Hawa wa maji taka ni wa jamii nyingine na huenda taratibu zaidi. Wanapenda joto, na Bukoba wastani wake ni nyuzi 21 hivi. Kwa hiyo tangi lazima liwe kubwa, uchafu ukae humo kwa wiki nyingi. Maji ya mvua nayo yaelekezwe mbali, yasije yakausukuma nje kabla ya wakati.

Jambo hili limekwisha kufanyika ng'ambo ya mto Kagera. Mwaka 2001 wataalamu wa chuo cha KIST cha Kigali walianza kujenga mitambo ya namna hii katika magereza ya Rwanda, wakianzia Cyangugu. Vyoo vya wafungwa vikalisha jiko la gereza, na matumizi ya kuni yakapungua kwa takribani nusu. Mwaka 2005 kazi hiyo ilipata tuzo ya Ashden ya Uingereza.

Tusidanganyane, mtambo hausafishi kila kitu. Mayai ya minyoo mengine hubaki hai, na naitrojeni na fosforasi hutoka na maji karibu zote. Maji hayo yakifika ziwani hulisha magugu maji. Yakienda kwenye migomba ni mbolea, ile ambayo vibanja vyetu vinaikosa tangu ng'ombe walipopungua. Kwa hiyo tutachimba mifereji ya kufunikwa, yapite chini ya udongo hadi kwenye mashina ya migomba ya shule. Bustani ya mboga hayataigusa.

Vijidudu hawa pia hufa. Dawa kali za kusafishia vyoo zikimiminwa kwa wingi, gesi hukatika. Mitambo mingi vijijini imekufa kwa sababu bomba lilipasuka na hakuna aliyejua kuliziba. Ndiyo maana sehemu ya mchango wenu itawafundisha fundi mwashi wa kijijini na mtunzaji wa shule, ili wataalamu wakiondoka, ujuzi ubaki.

Makisio ya gharama yamo katika kijitabu hiki. Asiye na fedha nyingi achangie mfuko mmoja wa saruji. Aliye na shamba la mawe au lori lililo nyumbani atuambie leo. Watoto wetu wapate vyoo visivyofurika, wapishi wapumzike na moshi, na chemchemi ibaki ya kunywa.