Harufu ya Javeli Haitoshi



Sisi tunaopita parseli kwa parseli, neno moja tunalisikia kila mahali: "Choo chetu ni safi, tulimwanga javeli." Ukiingia, harufu ya javeli iko kweli. Lakini uchafu uko palepale sakafuni, umekauka. Hapo javeli inamaliza nguvu yake juu ya uchafu, haifikii vijidudu. Tunapashwa kuanza na maji, sabuni na brosi: sakafu, mahali pa kuweka miguu, ukuta wa chini, na ile sehemu ya mlango ambayo kila mutu anaishika akitoka, mbele hajanawa. Suuza. Ndipo javeli, na tuiache dakika 10, tusiipanguse palepale.

Kipimo? Soma chupa. Ikiandikwa asilimia 5, kikombe kimoja cha javeli, vikombe 9 vya maji baridi. Changanya ya siku hiyo tu, ya jana imepoteza nguvu. Na tusiichanganye hata kidogo na asidi ya kusafishia choo, wala kuimwanga juu ya mkojo uliotuama. Inatoa hewa ya kukata pumzi, na vyoo vyetu vingi, munavijua, havina hata dirisha.

Kelele hii yote ni juu ya kolera. Wakubwa kati yetu wanakumbuka Goma, mwezi wa 7 mwaka 1994, namna wakimbizi waliotoka Rwanda walivyokufa kwa maelfu ndani ya majuma machache tu. Ziwa ni lilelile, Kivu. Na Bukavu ni mji wa milima: mvua ikinyesha, kinachofurika chooni huku juu Kadutu kinateremka kwa jirani wa chini, kisha ziwani, na kuna watu wanaochota huko.

Sasa tuseme shida yenyewe. Uliyerudi toka ukimbizini umepanga chumba, choo ni cha familia nyingi. Mwenye nyumba anasema usafi ni kazi ya wapangaji, wapangaji wanasema ni kazi yake. Mwishoni anayesugua ni binti mumoja, na mara nyingi ni wa ile familia iliyofika nyuma ya wote. Hiyo hatuikubali. Zamu iandikwe mlangoni, na kila familia, siku yake, ilete bidoni yake ya lita 20. Maji ya REGIDESO yakikatika, bidoni inanunuliwa ao inapandishwa mulima kwa mugongo. Bila kuihesabu, zamu inakufa juma la pili.

Wafadhili wetu, aksanti kwa kloro. Lakini tungependelea karton moja ipunguzwe, tupate brosi za mpini mrefu, glavu, na ndoo za robine za kuwekwa mlangoni mwa choo.

Kisha mkutano tutaonyesha kazi kwenye choo cha hapa hapa. Bapapa ndio wataanza.