Kumbukumbu za Waliokumbwa na Kimbunga Zikusanywe Mapema

(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Itakumbukwa kwamba tarehe 15 Aprili, 1872 kisiwa cha Unguja kilipigwa na kimbunga kikubwa. Sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi iling'oka, na vyombo vilivyokuwa bandarini, zikiwemo marikebu za Sayyid Barghash bin Said, karibu vyote viliangamia. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na baada ya hapo ndiyo ikashika uongozi wa karafuu. Khabari hizo zimejulikana kwa sababu mabalozi, wamisionari na wasafiri wa kigeni waliziandika. Lakini walichokiandika aghalabu ni hesabu ya marikebu na mashamba. Mkulima au mtumwa wa shamba aliyekesha huku paa lake la makuti limechukuliwa na upepo, kauli yake ni adimu mno katika nyaraka hizo.

Hasara hiyo si ya historia peke yake. Visiwa hivi viko karibu na Ikweta, ambapo nguvu ya mzunguko wa dunia inayousokota upepo ukawa kimbunga ni dhaifu. Kwa sababu hiyo vimbunga vingi hupita kusini zaidi, kuelekea Madagaska na Msumbiji, na huku huja kwa nadra, pengine baada ya vizazi. Mtu anaweza kuzaliwa, kuoa, kupata wajukuu na kufa bila ya kukiona. Basi kinapofika, watu hawajui tabia yake. Hawajui kwamba katikati ya kimbunga mna jicho, na jicho likipita juu ya mji upepo hutulia, mvua hupungua, na anga huweza hata kufunguka. Asiyejua hutoka nje kutafuta jamaa zake au kufunga ngalawa yake, akidhani mambo yamekwisha. Kisha upepo hurudi kwa ghafla kutoka upande wa pili. Elimu ya namna hii imo vitabuni, lakini mwananchi humsadiki zaidi mzee anayesema, "Tulitoka, na hivi ndivyo ilivyotufika."

Wazee wa namna hiyo bado wako, wala hawako mbali. Mwezi Aprili 1952 kimbunga kiliupiga mji wa Lindi. Mtoto wa miaka 10 wakati ule hivi sasa amepindukia miaka 80. Na inajulikana kwamba watu wengi wa Lindi na Mtwara walihamia Dar es Salaam, khasa upande wa Temeke na Mbagala. Kwa hivyo yumkini baadhi ya mashahidi hao wamekaa barazani huko Mbagala, ng'ambo tu ya mkondo wa bahari, na wajukuu wao hawajapata kuwauliza.

Walioguswa na Kimbunga Hidaya mwezi Mei 2024 nao wasiachwe mpaka wazeeke. Kilipokaribia, boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa, kilipita Mafia, na mvua zake zikaikata barabara kuu ya kusini pale Somanga. Mafia wanayo ya kueleza, na hata abiria wa Mbagala waliokwama wasifike kwao.

Kule Kinondoni liko funzo jingine, ingawa si la kimbunga. Baada ya mafuriko ya Disemba 2011, wakaazi wa bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande. Anayehamishwa hupoteza picha na vyeti, na hupoteza pia jirani wa kumkumbusha. Kumbukumbu hutawanyika pamoja na watu.

Nchini Marekani, baada ya Kimbunga Katrina cha mwaka 2005, Chuo Kikuu cha George Mason na cha New Orleans vilikusanya masimulizi na picha za watu wa kawaida zikahifadhiwa pamoja. Huku hapahitajiki mambo makubwa kiasi hicho. Simu ya mkononi inarekodi sauti, na Zanzibar ina uzoefu wa kukusanya masimulizi ya wazee tangu zama za kituo cha EACROTANAL.

Linalohitajika ni adabu ya kazi. Afisa asiingie nyumbani kwa mtu na fomu mkononi. Watu wakiona fomu hudhani wanaandikishwa kwa msaada, na hapo kila mmoja huhesabu mabati yaliyong'oka na kuacha mengine yote. Wenyeviti wa mitaa huko Bara, na masheha huku, waeleze wazi mapema kwamba hapana fidia inayogawiwa. Mzee aamkiwe, aachwe aanze anapotaka. Aulizwe alikuwa wapi upepo ulipotulia, nani alikuwa naye, walikula nini siku ya pili. Aliyefiwa akinyamaza, asihimizwe. Asiyetaka jina lake litajwe, lisitajwe.

Kila simulizi iandikwe tarehe, mtaa, na umri wa msimuliaji wakati wa tukio, kisha iwekwe mahali pa kudumu, kama vile Nyaraka za Taifa pale Kilimani, na nakala moja wapewe watoto wa mzee mwenyewe.