Jua Linapopatwa, Tulinde Macho Yetu



Wazazi wetu, ndugu zangu na wadogo zangu, nimepewa dakika chache kabla ya iftari, kwa hivyo naingia kwenye mada moja kwa moja.

Mtoto akigusa jiko la moto, hupiga kelele na kuutoa mkono. Maumivu ndiyo yaliyomwokoa. Sasa, nyuma ya jicho kuna utando mwembamba unaopokea picha, unaitwa retina, na utando huo hauhisi maumivu. Ukilikodolea jua, mwanga wake hukusanywa pale katikati, vile kioo cha kukuza kinavyochoma karatasi. Unaharibika na wala huna habari. Baada ya saa kadhaa ndipo doa linatokea: unamtazama mtu, masikio unayaona, pua huioni. Unafungua msahafu, neno unalotaka kusoma ndilo linalopotea. Dawa iliyothibitishwa ya kulitibu hakuna. Wengi hupata nafuu kwa wiki au miezi, lakini wengine hubaki nalo maisha.

Mtasema, nani huyo anayelikodolea jua? Siku za kawaida hakuna, lenyewe hutufukuza. Hatari ni siku linapopatwa, kwa sababu ule mwako hupungua na jicho hudanganyika. Mwaka 2017 kijana mmoja wa kike kule New York alilitazama jua lililopatwa, mara chache, sekunde chache chache. Madaktari walipompiga picha ndani ya jicho walikuta kovu lenye umbo la hilali, sawasawa na jua lilivyokuwa limemegwa siku ile!

Sisi Waislamu tuna mafundisho yetu. Jua lilipatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), watu wakasema ni kwa ajili ya kifo chake. Mtume akawakatalia, akawafundisha kuwa jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu, na akawaamrisha kuswali. Swala ya kusufu ni ndefu, na macho yako yako pale unaposujudu. (Sisemi swala hiyo imewekwa kwa ajili ya macho, wanachuoni wasinielewe vibaya.)

Jambo jingine linatuhusu hasa mwezi huu. Jua hupatwa mwisho wa mwezi wa Kiislamu tu, siku zile zile za kungojea mwezi kuandama. Oktoba 3, 2005 lilionekana kama pete kaskazini mwa Kenya, na papo hapo Ramadhani ya 1426 ikaingia. Vijana wanaopanda darini na darubini kutafuta mwezi, hebu wangojeni jua lizame lote kwanza. Darubini hukusanya mwanga zaidi ya jicho, na jua likiingia humo hata kidogo, si mchezo.

Vioo vilivyopakwa masizi, filamu za eksirei, sidii, miwani ya jua ya sokoni: vyote havifai. Vinapunguza mwako tu, miale inayodhuru inapita. Kinachofaa ni miwani maalumu ya kutazamia jua, yenye alama ya ISO 12312-2, isiyokwaruzwa wala kutoboka. Ukiikosa, toboa tundu dogo kwenye kadibodi, lipe jua mgongo, uache mwanga uangukie karatasi nyeupe. Hapo utaliona jua lilivyomegwa. Ibn al-Haytham aliandika risala juu ya jambo hili hili karibu miaka elfu iliyopita. Hata chini ya mwembe, mwanga unaopenya kwenye majani huchora hilali ndogo ndogo mchangani. Waonyesheni watoto, watafurahi.

Agosti 2, 2027, inshaallah, jua litapatwa lote Makka na Jidda. Huku Kenya litamegwa upande tu, maana yake hakuna hata dakika moja ya kulitazama kwa macho matupu. Na atakayekwisha kutazama, akaona doa au mistari iliyonyooka ikipinda, aende kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo, asitie matone ya dukani.

Wabillahi tawfiq.