Mipira ya Motokaa: Upi Watengenezeka Nyumbani, na Upi Usiguswe

Leo twapenda kuzungumza juu ya mipira ya motokaa. Hatusemi habari za matairi peke yake, maana motokaa ina mipira mingi iliyofichika: mabomba yapitishayo maji kati ya injini na rejeta, mkanda wa feni, bushi za springi, mipira izuiayo vumbi milangoni, na raba ndogo zilizo ndani ya breki. Yote huchakaa. Na kwa kuwa vipuri ni ghali, mwenye gari hushawishika kutwaa solusheni, kiraka na waya, akaitengeneza mwenyewe uani kwake.

Jambo hilo ni jema, ila si kwa kila mpira. Mpira ambao ukipasuka hutoa upepo au maji tu, waweza kuushughulikia nyumbani. Mpira ambao ukipasuka huiacha motokaa bila breki, usiutie kiraka hata siku moja. Nchi yetu hii ina mteremko wa Kitonga upande wa Iringa, na Mlima Nyoka na Iwambi upande wa Mbeya. Asiyejua tofauti hiyo aweza kuipoteza roho yake na za wenziwe.

Yafaa kwanza tujue mpira ni kitu gani. Asili yake ni utomvu wa mti, nao ukiachwa hivi hivi hulainika kwa joto na kukakamaa kwa baridi. Mwaka 1839 Mmarekani mmoja, Charles Goodyear, aligundua kuwa utomvu huo ukichanganywa na kiberiti, yaani salfa, kisha ukapikwa kwa moto, huwa imara na hunyumbuka wakati wote. Tangu hapo dunia haiwezi kwenda bila mpira. Mwaka 1942, Wajapani walipoishika Malaya, mpira uliadimika mno, hata miti ya mpira iliyopandwa Tanganyika zama za Wadachi ikagemwa tena. Siku hizi mipira mingine hutengenezwa viwandani bila utomvu wa mti, lakini adui zake wakuu ni wale wale: jua, joto, na mafuta.

Mafuta ndiyo adui asiyedhaniwa. Wanafunzi waweza kujionea wenyewe. Kateni vipande viwili sawasawa vya mpira wa ndani wa baiskeli. Kimoja kitieni katika maji, cha pili katika mafuta ya taa, mbali na moto. Baada ya siku mbili tatu vipimeni. Kilichokuwa katika mafuta kitakuwa kimevimba na kulegea. Kwa hiyo yule apakaye mafuta ya injini juu ya mpira wa mlango ili ung'ae, auharibu kwa mkono wake. Sabuni na maji vyatosha, na palipobanduka pabandikwe kwa solusheni.

Magari mengi ya sasa hayana mpira wa ndani katika tairi, lakini baiskeli, matoroli na pikipiki nyingi vingali navyo. Kiraka hubanduka, aghalabu, kwa sababu ya haraka. Jaza upepo, uzamishe mpira majini, utazame mapovu yatokapo, upatie alama. Ukaushe vizuri. Sugua kwa msasa mpaka wekundu au weusi ule unaong'aa utoweke, kisha paka solusheni nyembamba, nawe ungoje. Wengi hubandika ingali maji maji, wakashangaa kiraka kikitoka njiani. Ngoja mpaka ukiigusa kwa ncha ya kidole isikunate mkononi. Hapo ndipo ubandike na kukandamiza kwa nguvu. Na kabla ya kuurudisha, pitisha kitambaa ndani ya tairi, maana msumari huenda ungali mle.

Bomba la rejeta nalo lina njia yake. Likipasuka, simama, uzime injini, ungoje ipoe kabisa; aliyefungua kifuniko cha rejeta ya moto huungua uso. Ufa ukiwa karibu na ncha, na bomba likiwa na urefu wa kutosha, kata kile kipande kibovu, uifunge tena ncha mpya. Ufa ukiwa katikati, kata utepe mrefu wa mpira wa ndani wa zamani, uvute sana huku ukiuzungusha, tabaka juu ya tabaka, kisha funga kwa waya. Wako madereva walegezao kifuniko ili msukumo wa maji upungue, na bomba lisipasuke tena. Hila hiyo yasaidia, lakini huku kwetu ina kasoro. Mji wa Mbeya uko juu kiasi cha mita 1,700, na mahali kama hapo maji yasiyofunikwa huchemka katika nyuzi 94 hivi, wala hayangoji 100. Basi nenda polepole, simama mara kwa mara, na safari hiyo iishie katika duka la vipuri. Mkanda wa feni hauna kiraka. Chukua wa akiba.

Sasa twaja kwenye breki. Bomba la mpira liendalo kwenye gurudumu huweza kuonekana zima kwa nje, kumbe ndani limechanika. Utepe na waya haviwezi kulizuia, kwa sababu dereva akikanyaga, msukumo ulio mle ni mkubwa mara nyingi kuliko ule wa maji ya rejeta. Na mafuta ya breki yakipungua, usiongeze ya injini: raba za breki zitavimba kama kile kipande cha wanafunzi, zikwame katika silinda zake. Usiongeze maji pia. Mafuta ya breki yaliyo mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205. Maji huchemka mapema mno, na katika mteremko mrefu breki hupata moto, maji yakawa mvuke, na kanyagio likazama bila kushika kitu.

Kwa hiyo, kabla ya kuushuka mteremko, simamisha gari mahali palipo sawa, ukanyage breki kwa nguvu, ushikilie huku ukihesabu mpaka thelathini. Kanyagio likikaa pale pale, chungulia nyuma ya magurudumu kama pana unyevu wa mafuta. Likizidi kuzama polepole chini ya mguu wako, au ukiuona unyevu huo, liache gari hapo hapo, umwite fundi aje na bomba jipya na raba mpya, hata kama abiria watanung'unika.